Wawindaji Juu ya Jani la Sukuma

Mume wangu alirudi nyumbani kutoka hospitali ya Homa Bay akiwa na chuma ndani ya paja na neno moja mdomoni. Neno lenyewe lilikuwa "nje". Ukimuuliza kama anataka chai, alisema nje. Ukimuuliza kama mguu unauma, alitazama mlango.

Alikuwa mchimba dhahabu kule Osiri. Ukuta wa shimo ulimwangukia, na wenzake wakamfukua kwa mikono na makarai mpaka wakamfikia akiwa hai. Tulimpeleka Homa Bay kwa sababu dada yangu anakaa huko na angeweza kumpikia. Wiki zote alizolala pale, alitaka dirisha liwe wazi hata mvua ilipopiga. Wauguzi walilalamika, kisha wakazoea.

Kwetu ni nje kidogo ya mji wa Migori, kwenye mteremko unaoshuka kwenda mto Kuja. Nyumba yetu ni ya bati, ina vyumba viwili, na mchana wake ni giza kiasi. Niligundua siku ya kwanza kwamba hangeweza kukaa ndani. Jasho lilimtoka, akajaribu kuinuka bila magongo. Basi tangu hapo nilimtoa kila asubuhi, yeye na magongo yake, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya shamba la mboga, mguu ukiwa juu ya debe lililofunikwa gunia. Nilimwekea chupa ya uji na kofia, nikaenda kulima. Hakuniambia kitu. Nilimzoea kama mtu anavyomzoea mgeni ambaye hajui lugha yake.

Mboga zenyewe zilikuwa sukuma wiki, na mstari mmoja wa kunde upande wa chini. Tangu ajali ile, hizo ndizo zilizotulisha. Mnunuzi wangu alikuwa mama mmoja Mkuria aliyekuja na pikipiki kutoka upande wa Isebania, akajaza magunia, akayapeleka sokoni kule mpakani. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, maana Kidholuo chake kiliishia kwenye salamu na Kikuria changu hakikufika hata hapo.

Mvua ilipokatika, vidukari walikuja. Mtu aliyewahi kupanda sukuma anawajua: wadudu wadogo wa rangi ya kijivu, laini, wamejipanga chini ya jani kama majivu yaliyomwagwa, wanafyonza utomvu mpaka jani linajikunja na kugeuka manjano. Kwenye kunde walikuwa weusi, wamezunguka mashina machanga kiasi kwamba shina lenyewe halikuonekana.

Yule mama aligeuza jani moja, kisha la pili, akafuta vidole kwenye leso yake.

"Dada, hii sukuma imevamiwa," alisema. "Watu wa sokoni hawachukui jani lenye unga."

"Nimeona."

Alifungua mkoba wake akatoa kichupa cha dawa. "Hii nimekuletea tu, usinilipe. Pulizia leo jioni. Nikirudi wiki ijayo nataka nikute jani safi."

Nilimshukuru kwa dhati, maana alikuwa ananisaidia. Mchana huo nilienda kwa jirani kuazima pampu, nikaijaza maji, nikaibeba mgongoni mpaka shambani. Nilikuwa nafungua kichupa wakati mume wangu aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuwa akizungumza siku nzima:

"Usipulize."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Usipulize, Nyar Takawiri. Ngoja kwanza."

Hivyo ndivyo anavyoniita tangu tuoane, binti wa Takawiri, kwa sababu nilizaliwa kwenye kisiwa hicho. Sikuwa nimelisikia jina hilo tangu siku ya shimo. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilipandwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nimechoka.

"Ningoje nini? Tutakula nini?"

"Kuna kitu kinawala."

"Wanatula sisi."

"Njoo uone."

Nilimwendea na pampu ikiwa bado mgongoni. Alikuwa ameinamia jani lililokuwa karibu na goti lake. Juu yake palikuwa na mdudu ambaye sijui nimweleze vipi: mrefu kiasi cha punje ya mchele, mweusi, mgongo una vijiti vijiti na mabaka ya rangi ya machungwa, miguu sita imejitokeza pembeni. Alifanana na mamba. Mimi nimekulia ziwani, mamba nawajua, na huyu alitembea vilevile, tumbo chini na mkia ukiburuta. Nikaona hii ni balaa nyingine juu ya balaa, nikanyoosha kidole gumba nimponde.

Mume wangu alinishika mkono. Alinishika kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Kaa," alisema. "Tazama tu. Halafu ukitaka, pulizia."

Nilivua pampu nikakaa chini.

Yule mamba mdogo alitembea mpaka kwenye kundi la vidukari. Alimgusa mmoja kwa mdomo, kama mtu anayeonja chumvi, kisha akamshika. Alimng'oa kwenye jani, akamwinua juu miguu ikipiga hewani, akaanza kumfyonza. Nilimwona kidukari akinywea. Alikuwa mnene, akawa ngozi, ngozi ikaanguka. Mwindaji akapiga hatua moja, akamshika mwingine. Wenzake waliokuwa kando hawakukimbia. Waliendelea kunyonya jani huku jirani yao akiliwa. Nilisubiri ashibe. Hakushiba. Kivuli cha mti wa jirani kilitufikia miguuni na bado alikuwa anakula, na palipokuwa na majivu pakabaki kijani kitupu chenye ngozi nyeupe zilizokauka.

"Tangu lini unamwona?" nilimuuliza mume wangu.

"Nimekuwa nikiwatazama tangu walipokuwa mayai."

Alinielekeza kwenye jani lingine, akaniambia nilale chali nitazame kwa chini. Nililala chali kwenye udongo, mimi mama wa watoto, nikatazama. Palikuwa na mayai ya manjano yamesimama wima, yamebanana, kila moja dogo kuliko punje ya wimbi. Pembeni yake palikuwa na kikundi kingine ambacho kilikuwa kimeshaanguliwa, na juu ya maganda meupe walikaa viumbe weusi wadogo mno, wamekaa tu, kama watu walioamshwa na bado hawajajua pa kwenda.

"Wengine wanakula mayai ya ndugu zao," alisema. "Yale yanayochelewa kuanguliwa. Nimewaona."

"Na mama yao ni nani?"

"Yule mwekundu."

Alikuwa anamaanisha mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye nimemwona maisha yangu yote bila kumtazama. Sikujua jina lake. Watu wa kilimo wakija kwenye mikutano ya chifu humwita ledibadi. Sisi kwetu alikuwa mdudu tu, na mimi nilikuwa nikimkung'uta nikidhani naye anatoboa majani.

Sikupulizia siku hiyo. Sitasema niliamini. Nilirudisha pampu kwa jirani, kichupa nikakificha juu ya bati, mahali ambapo ningekipata haraka. Nikawa nalala na mawazo, kwa sababu mdudu akila mmoja mmoja na wengine wanazaliwa kwa makumi, hesabu hiyo hata mtoto anaona inakoelekea.

Lakini kila nilipomaliza kuchota maji nilijikuta nakwenda kwenye kile kiti. Mume wangu alinipasha habari za siku. Wale waliokuwa wadogo wamejivua ngozi, sasa ni wakubwa. Kwenye kunde kuna vita, kwa sababu chungu, wale sisimizi wadogo weusi, wanawalinda vidukari. Sikuelewa, akanionyesha. Chungu alimpapasa kidukari kwa vipembe vyake, na kidukari akatoa tone linalong'aa nyuma yake, chungu akalinywa. Mbawakawa mwekundu alipokaribia, chungu walimrukia. Alijibana kwenye shina, akaficha miguu yote, akawa kama kifungo kilichoshonwa. Chungu walijaribu kumuuma wakakosa pa kushika. Nilipomgusa mimi, alitoa maji ya manjano kwenye magoti, yenye harufu chungu iliyonikaa kidoleni mpaka nilipopika jioni.

"Wanafuga," nilisema. "Hawa chungu ni wafugaji."

"Na yule ni chui wa zizi," alijibu.

Nilicheka, naye akanitazama kama aliyesahau kwamba mimi hucheka.

Mama wa Isebania alirudi kama alivyoahidi. Aligeuza jani la kwanza karibu na njia akakuta unga uleule, labda zaidi. Hakugombana. Aliketi juu ya gunia lake tupu akaniuliza kama dawa ilimwagika.

"Mume wangu amekataa."

Alimtazama kule kwenye kiti. "Mume wako ni mtu wa kilimo?"

"Alikuwa anachimba dhahabu."

"Haya," alisema, na neno hilo lilibeba yote. Siku hiyo hakununua kitu. Nilisikia pikipiki yake ikipanda mlima, nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama peke yangu kwa muda. Kisha nilirudi, nikakata majani yaliyoharibika vibaya zaidi upande wa njia, nikayafukia. Kichupa nilikitoa juu ya bati. Nilikishika mkononi nikatembea nacho mpaka shambani, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua.

Mume wangu alikuwa amesimama. Alikuwa ameegemea magongo katikati ya mistari ya sukuma, mahali ambapo hakuna aliyempeleka.

"Wameacha kula," alisema.

"Wamekufa?" nilimuuliza.

"Sijui. Njoo."

Wale mamba wakubwa walikuwa wamejibandika kwenye majani kwa mkia, vichwa chini, wamejikunja. Siku iliyofuata hawakuwa tena mamba. Kila mmoja alikuwa kidonge kigumu cha rangi ya machungwa na weusi, kimegandamana na jani. Ukikigusa, kilijirusha juu ghafla kama mtu anayesema niache nimelala. Nikaweka kichupa mfukoni mwa aproni. Nilitaka kwanza kujua kilichokuwa ndani.

Ilikuwa asubuhi, umande haujakauka, na jua lilikuwa limeshika tu ncha za majani. Mume wangu aliniita kwa sauti ya chini, nikaja na mikono yenye unga wa mahindi. Kidonge kimoja kilikuwa kimepasuka. Akatoka mbawakawa, lakini hakuwa mwekundu. Alikuwa wa manjano hafifu, kama kiini cha yai la kuku aliyekosa majani, amelowa, na mgongoni hakuwa na doa hata moja. Alishika ganda lake akatulia. Kisha akanyoosha mbawa za ndani, zile nyembamba ambazo kwa kawaida hazionekani, zikatokeza nyuma yake ndefu kuliko mwili wake wote, zenye mikunjo, kama leso mpya inayotolewa kwenye karatasi. Zikakaa juani.

Uji uliungua jikoni, nikausikia ukinukia, sikuinuka.

Madoa yalikuja polepole sana. Ukikazia macho huoni kitu. Ukitazama mto kisha ukarudi, pana kivuli ambacho hakikuwepo. Kilianza kama uchafu, kama moshi chini ya ngozi, kisha kikakusanyika mahali pake, na kingine upande wa pili, sawasawa na mwenzake. Hakuna aliyempaka. Yalitoka ndani yake mwenyewe, kila moja likijua pa kukaa. Nimezaa watoto, na nimeona ziwa likipasuka kwa radi nikiwa ndani ya mtumbwi wa baba yangu, lakini sijui kama nimewahi kukaa mbele ya kitu nikajiona mdogo namna ile, na kufurahi kuwa mdogo.

Mume wangu ndiye aliyezungumza kwanza.

"Waliponitoa," alisema, "sikuona rangi."

Niliogopa hata kugeuza shingo.

"Kila kitu kilikuwa cheupe. Watu walikuwa weupe, miti ilikuwa myeupe. Nilidhani nimekufa. Halafu nikaona kitu chekundu, kilikuwa fulana ya yule aliyenishika mkono. Halafu kijani, lakini baadaye sana. Ilikuwa inakuja moja moja."

Akaendelea. Aliniambia jinsi alivyosikia udongo ukitembea juu yake kabla haujaanguka, na jinsi alivyohesabu pumzi akaacha kuhesabu. Aliniambia kwamba gizani alitafuta sura yangu akakosa, na hilo ndilo lililomfunga mdomo wiki zote zile, kwa sababu aliona aibu. Alikuwa anaona mikono yangu tu, ikipepeta mtama. Sura haikuja.

"Mikono inatosha," nilimwambia.

Alilia, nami nikamwacha alie. Yule mbawakawa alikuwa ameshakuwa wa rangi ya machungwa. Kabla ya mchana mbawa zilikuwa zimekunjwa zikaingia chini ya magamba, akatembea mpaka ncha ya jani, akafungua mgongo wake katikati kama milango miwili, akaruka upande wa mto.

Baada ya huyo walitoka wengi. Kwa siku chache shamba letu lilikuwa na wekundu kila mahali, na vidukari wakapungua kiasi kwamba nililazimika kuwatafuta. Sitadanganya kwamba kila kitu kilipona. Mistari miwili ya upande wa njia ilikufa nikaing'oa. Kunde hazikutoa mbegu nyingi, kwa sababu chungu walishinda pale chini. Lakini katikati, palipokuwa na kiti, sukuma ilichipua majani mapya mapana, safi.

Mama wa Isebania alipita akielekea kwingine, akasimamisha pikipiki. Aligeuza majani mengi. Mwishowe alimpata mbawakawa mmoja, akamwacha atembee kwenye kidole chake mpaka kwenye ukucha, mdudu akaruka.

"Huyu kwetu tunacheza naye tukiwa watoto," alisema. "Sikujua ana kazi."

Nilimrudishia kichupa chake kikiwa kimejaa. Alikitia mkobani, akashusha magunia.

Wiki chache baadaye walikuja wale wanaume wa Osiri, wenzake waliomfukua. Walikuja kumuuliza atarudi lini. Walikuwa wameoga lakini vumbi la mawe lilikuwa bado kwenye nyusi zao. Niliwapikia samaki, na walipomaliza kula mume wangu aliwachukua shambani kwa magongo yake, mmoja mmoja nyuma yake. Kutoka jikoni niliwaona wanaume wazima wenye mabega mapana wamechutama kwenye sukuma. Yule wa fulana nyekundu alilala kifudifudi kabisa, kidevu kwenye udongo. Walikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Waliporudi, mume wangu aliwaambia kwamba hatashuka tena shimoni. Hakuna aliyebishana naye. Yule aliyelala kifudifudi alikung'uta magoti akasema, "Hata mimi nisingeshuka." Lakini wiki iliyofuata alishuka, maana ana watoto, na bado anashuka mpaka leo.

Msimu uliofuata mbawakawa walikuja wachache, wakachelewa, na tulipoteza nusu ya sukuma. Msimu mwingine walikuja mapema. Hatujui kinachowaleta. Tunapanda giligilani pembeni na kuiacha itoe maua, kwa sababu tumewaona wakipumzika hapo, na tunangoja kama watu wengine wanavyongoja mvua.

Alipoweza kutembea na gongo moja, tulivuka kwenda Takawiri kumsalimu mama yangu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo. Mume wangu aliketi upande wa mlango, uso ameuelekeza ziwani, na mama aliketi ndani kwenye kigoda, mimi nikiwa katikati nikipitisha maneno. Mama alitaka kujua mguu umeponaje. Nilimweleza habari za mguu, kisha nikajikuta naeleza habari za mayai, mamba wadogo, chungu wafugaji, na yule wa manjano aliyetokwa na madoa mbele ya macho yetu. Nilieleza kwa muda mrefu. Samaki waliokuwa juani nje walihitaji kugeuzwa, wala hakuna aliyekwenda.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Alifikiri kidogo.

"Muulize mume wako," aliniambia. "Hao wadudu, wanaliwa?"

Mume wangu alijaribu kujizuia, kwa heshima. Aliinamisha kichwa, akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Kisha kicheko kikamshinda, kikatoka chote, kikubwa, mbele ya mama mkwe wake, na mama akajifunika uso kwa leso, naye akicheka.